Masaa Mawili Kutoka Mumbai Hadi Chennai

Huku kwetu hakuna anayepima safari kwa kilomita. Muulize mtu yeyote kutoka Nakuru hadi Kericho ni umbali gani, atakwambia masaa mawili, na hapo maneno yameisha. Eldoret ni matatu ukiwa na bahati, manne malori yakiwa yamejipanga mlimani. Nimeishi na hesabu hiyo tangu nizaliwe, na sikuwahi kuiona kasoro mpaka iliponipokonya sauti ya mdogo wangu. Siku hizi mteja akiniambia anatoka mahali fulani, dakika kumi tu, namuuliza: dakika kumi kwa kitu gani? Kwa miguu, kwa pikipiki, ama kwa ndege? Wanasema nimekuwa mkali. Na waseme.

Nina duka la pembejeo Kiamunyi, kando ya Nakuru. Nauza mbegu, mbolea, dawa za kupe na za minyoo, na msimu wa viwavi ukifika sina nafasi ya kukaa chini. Lakini kazi yangu hasa si kuuza, ni kusoma. Wazee huja na chupa, huinyoosha mbali na uso, hukunja macho, kisha hunipa. "Mathe, hebu nisomee hapa." Nawasomea. Mililita ngapi kwa ng'ombe wa uzito gani, siku ngapi kabla maziwa hayajafaa kunywewa. Sijawahi kumrukia mtu mstari. Mtoto wa mtu akinywa maziwa yenye dawa kwa sababu mimi niliona uvivu kumaliza kusoma, hilo ni langu, si la mwenye ng'ombe. Naliandika hili mapema ili mtu asinitafutie kisingizio huko mbele.

Tulibaki watoto watatu kwa mama yetu. Wa kwanza ni kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Rongai, hukuhuku Nakuru, na tumbo la kulionyesha. Mimi ndiye wa pili. Wa mwisho ni dada yetu mdogo, ambaye nilimbeba mpaka akauzoea mgongo wangu kuliko wa mama. Alikuwa mwalimu wa chekechea Kaptembwo, katika darasa la mabati lenye watoto wengi kuliko viti. Ukipita barabarani ungemsikia akiwaimbisha hesabu, na watoto wakimfuata kwa kupiga kelele, na mvua ikinyesha juu ya mabati alipandisha sauti tu akaendelea. Hakuwahi kulalamika juu ya kazi ile hata siku moja, jambo ambalo lilikuwa likiniudhi.

Alipokuwa mdogo alishikwa na homa, koo likamuuma sana, tukampa maji ya chumvi, likapoa. Hatukujua kwamba homa ile ilishuka ikakaa moyoni. Akiwa na miaka thelathini na mbili alianza kushindwa kupanda ngazi tatu za darasa lake. Daktari wa mjini alimpima akasema valvu moja, mlango wa damu moyoni, imekakamaa, haifunguki vizuri, moyo unapiga ovyo, na asipofanyiwa upasuaji asitarajie kuwa mwalimu kwa muda mrefu. Aliposema hivyo alikuwa anaangalia karatasi, si uso wa mgonjwa, nikatamani kumpiga na hiyo karatasi.

Hospitali moja ya Chennai, huko India, ilikubali kumpokea. Barua yao ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja siku ya kulazwa, ikataja Chennai mara mbili, na chini kabisa ikasema gari la hospitali litampokea mgonjwa uwanja wa ndege. Niliisoma barua hiyo mpaka nikaweza kuitamka nikiwa nimefumba macho.

Hapo ndipo kaka yangu alipoingia. Alikuwa amewahi kwenda Guangzhou mara moja kununua vigae, akakaa siku sita, na tangu siku hiyo Asia yote ikawa shamba lake. Habari yoyote ikitajwa redioni, ya Japani, ya Uarabuni, yeye huinua kidole na kusema, "Mimi nimetembea Asia." Alitangaza kwamba tiketi ya mgonjwa na yangu mimi nitakayemsindikiza ni juu yake, na mtu asiguse hiyo kazi. Nani angeigusa? Kwetu kifungua mimba akisema jambo ni lake, kumuuliza amelifanyaje ni kumvua nguo.

Alizileta siku ya maombi, nyumbani kwangu, mbele ya pasta na akina mama wa kanisa. Alisimama, akatoa bahasha mfukoni, akainyanyua ili hata waliokaa jikoni waione. Nilipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikasema asante, vigelegele vikapigwa. Sikuifungua. Zawadi ya mkubwa huifungui mbele ya watu. Ukiifungua unawaambia wote kwamba unashuku kilichomo. Niliitia kwenye mkoba wangu, nikaenda kupakua wali.

Niliifungua asubuhi iliyofuata, nikiwa peke yangu dukani. Nairobi hadi Mumbai. Nikageuza karatasi nikitafuta safari ya pili, nyuma hakukuwa na kitu. Nikatoa barua ya hospitali nikaiweka kando yake. Chennai. Mumbai. Nilifunga duka, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na homa, nikaenda Rongai.

Nilimkuta kwenye kaunta yake. Mkewe alikuwa akipima misumari, na wateja wawili walikuwa wanabishana kuhusu mabati.

"Tiketi inasema Mumbai," nikamwambia.

"Ndiyo. Direct. Ama ulitaka niwazungushe Arabuni, mgonjwa akae masaa nane kwa kiti ya chuma akingoja ndege ingine?"

"Hospitali iko Chennai."

"Na Chennai iko wapi? Si iko India?"

"India si Rongai, brathe. Huwezi shuka popote."

Wale wateja waliacha mabati yao wakatugeukia. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kumwambia vile mbele ya watu, na nilijua ni kosa wakati nalitamka. Shingo yake ilivimba.

"Barua inasema gari ya hospitali itakuja eropoti. Imeandikwa! Wewe si ndio msomaji? Hukuona hapo?"

"Eropoti gani?"

"Eropoti ile mtashukia! Kwani watatuma gari kwa eropoti ile hamko?" Akawageukia wateja. "Mimi nimetembea Asia. Huyu amefika wapi? Amefika Kisumu, akatapika njiani."

Wakacheka. Na mkewe akacheka, akiwa ameinamia mizani ili nisimwone. Ni kweli nilitapika, nilikuwa na mimba ya miezi minne.

Kaka yangu alichukua simu yake, akaanza kubonyeza kwa kidole kile kinene, mkono ameunyoosha mbali kama wazee wangu wa chupa. Ana miwani. Huiacha nyumbani kwa sababu anaamini miwani humzeesha mwenye duka. Alibonyeza, akakunja macho, akashindwa, kisha akanisukumia simu kifuani.

"Soma! Soma hapo kutoka Mumbai mpaka Chennai ni masaa ngapi, hawa watu wasikie."

Nikasoma. "Saa moja na dakika hamsini na tano."

"Masaa mbili!" akawaambia wateja, amepanua mikono. "Kericho! Hospitali inatuma gari, mnakaa masaa mbili, mmefika. Kwa hiyo ndio umefunga duka?"

Kando ya ile namba kulikuwa na picha ndogo ya ndege. Niliiona. Sitazunguka hapa. Jua halikuwa limeipiga simu, macho yangu hayakuwa na machozi, na herufi hazikuwa ndogo kuliko za chupa ya dawa ya kupe. Niliona ndege, nikaelewa kwamba hayo masaa mawili si ya barabara, na kwamba hakuna gari la hospitali litakalotoka Chennai kuja kutuchukua Mumbai. Nilikuwa na sentensi mdomoni tayari. Kisha nikamtazama kaka yangu, bado amepanua mikono, watu bado wanacheka naye badala ya kumcheka yeye, nikamrudishia simu.

Nilijiambia: wacha. Wacha hilo gari likose kuja, ndipo ajue yeye ni nani. Wacha nipige simu kutoka India nimwambie tuko hapa, gari haliko, na mkewe asikie, na kanisa lisikie. Nilitoka pale nikiwa na furaha mbaya, furaha ya mtu aliyeficha kiatu cha mwenzake.

Usifikiri nilitaka dada yangu aumie. Nilikuwa na mpango. Ningeipigia simu hospitali mimi mwenyewe, niwaulize, nitafute ndege ya pili kimyakimya, na kaka yangu abaki na aibu yake bila mgonjwa kuguswa. Lakini viwavi waliingia mahindini wiki ile, watu wakapanga foleni dukani kutoka asubuhi, na kila siku nilisema nitapiga kesho. Pia, na hili ni baya zaidi, kupiga simu ile kungekuwa kumrekebishia kosa lake. Sikutaka lirekebishwe upesi hivyo. Siku tisa zilipita. Dada yangu akaniuliza kama mipango iko sawa, nikamwambia iko sawa.

Kutoka Nairobi hadi Mumbai ni kama masaa sita. Alikaa dirishani, pumzi fupi fupi, akitabasamu kwa kila kitu, hata kwa kile chakula. Alitaka kuyakumbuka yote aje kuwasimulia watoto wake wa darasani. Aliniuliza mawingu yakionekana kutoka juu ningeyaita rangi gani, nikamwambia alale.

Tulitua asubuhi. Tukapewa kiti cha magurudumu, tukafika mahali pa kutokea, penye watu wengi walioshika vibao vyenye majina. Nikavisoma vyote. Dada yangu naye alivisoma, midomo ikitembea, akinionyesha kwa kidole kila alipodhani ameona jina lake. Tulingoja. Nilingoja huku nikijua hakuna ninachongoja, na huo ni uchovu wa aina yake. Baada ya saa moja na zaidi nikapiga simu Rongai, ile simu niliyokuwa nimeitamani, na kaka yangu akasema, "Ngojeni, pengine ni jam ya magari." Nikasikia mkewe akiuliza nini, naye akimjibu kwamba ni jam.

Mama mmoja aliyevaa sare ya uwanja alituona tumekaa sana, akatuuliza kwa Kiingereza gari letu linatoka wapi. Nikamwambia Chennai. Kwanza alicheka, kisha akatazama midomo ya dada yangu, ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau, akaacha kucheka. Alisema Chennai ni zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale. Karibu masaa mawili kwa ndege, alisema. Kwa barabara, siku nzima na zaidi, na mtu mwenye hali ile asijaribu.

"Lakini kaka alisema ni kama Kericho," dada yangu akaniambia.

"Kaka yako ni mjinga," nikamjibu, na nikaona raha kulisema.

Yule mama alitupeleka kwenye kaunta ya ndege za ndani. Viti vilikuwepo. Lakini barua yetu ya daktari, ile inayosema mgonjwa anaweza kusafiri, ilikuwa imeandikiwa safari ya kwanza, na hawa walitaka fomu yao, ijazwe na daktari aliyemwona siku ile. Siwezi kuwalaumu. Mimi mwenyewe siuzi dawa kwa maelezo ya chupa nyingine. Tukatumwa kwenye kliniki, daktari akasikiliza moyo, akasikiliza tena, akasema hawezi kutia sahihi leo, alale apumzike, turudi kesho. Tukarudi kesho yake, akatia sahihi, ndege ikawa ya siku iliyofuata asubuhi. Siku ya kulazwa Chennai ilikuwa imepita tayari, lakini hospitali ilisema njooni tu, tutampangia nyingine.

Alasiri ya siku ile ya sahihi, kwenye chumba tulichopanga, dada alikuwa ameketi kitandani akichana nywele. Kitana kikaanguka. Nikakiokota nikampa, akakitazama tu mkononi mwangu. Alitaka kuniambia jambo, likatoka kitu ambacho si neno. Akajaribu tena, akakasirika, upande wa mdomo wake ukashuka, na mkono wa kulia ukalala mapajani kama wa mtu mwingine. Nilipiga kelele mpaka watu wa vyumba vingine wakatoka.

Kilikuwa kiharusi. Damu iliyoganda ilitoka moyoni ikapanda kichwani. Hospitali ya palepale Mumbai iliokoa maisha yake, na wiki kadhaa baadaye, alipopata nguvu, tukapanda ndege kwenda Chennai. Niliangalia saa magurudumu yalipoacha ardhi na nikaiangalia yalipogusa. Saa moja na dakika hamsini na tano, barabara kabisa. Tulipewa biskuti. Mwanamume aliyekaa kando yangu alilala akakoroma toka mwanzo hadi mwisho, kwake ilikuwa safari fupi ya kazi, nami nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Valvu ikabadilishwa, ikakubali. Kabla hatujaondoka nilimuuliza daktari wa pale kama ingekuwa tofauti tungefika siku ile ya kwanza. Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema moyo uliokuwa ukipiga vile ungeweza kutupa damu iliyoganda siku yoyote, nyumbani, ndani ya ndege, hata kwenye kitanda chake yeye. Huenda tungefika mapema tungewahi, huenda tusingewahi. Hakuna mtu anayeweza kukuambia, alisema. Nilitaka aniambie ni kosa la mtu. Nilimchukia yeye pia, kwa kuwa mkweli.

Tuliporudi nilimleta Kiamunyi, nyumbani kwangu, nikasema mtu asinijadilie. Chekechea yake ilikuwa imepata mwalimu mwingine. Alielewa kila kitu unachomwambia, lakini maneno ya kutoa yalikuwa machache, na kila moja alilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Maji. Hapana. Wacha. Baridi. Namba alikuwa nazo, moja mpaka kumi, ukimwanzishia. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamfunga viatu, nikamnyoosha vidole vya mkono ule kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

Na kila siku nilimlisha pia hadithi ya kaka yetu. Nikimvisha namsimulia, nikimpikia namsimulia. Jinsi alivyovimba shingo. Jinsi alivyopanua mikono akasema Kericho. Nilimwigiza, nikatoa tumbo, nikainua kidole, "Mimi nimetembea Asia," na dada yangu alicheka kwa ule upande wa uso unaocheka. Kaka akija kutuona na matunda yake, dada alikuwa akitazama dirishani, kichwa amekigeuza, mpaka kaka anaondoka. Nilifurahi. Nilikuwa nimepoteza sauti yake lakini nilikuwa na yeye mwenyewe, mzima, upande wangu, na hakuna kitu duniani nilichokilinda kama hicho. Katika hadithi hiyo niliyomsimulia mara mia, simu iliyosomwa pale kaunta ilijisoma yenyewe.

Kisha kaka yangu akaamua kufanya ibada ya shukrani. Nyumbani kwake Rongai, na hema, na viti vya kukodi, na mbuzi wawili. Sikutaka kwenda. Dada yangu alitaka kuwaona watu, tukaenda.

Baada ya chakula kaka alichukua maikrofoni. Akamshukuru Mungu, akamshukuru pasta, akasema ugonjwa ni kitu kigumu lakini familia ilisimama. Bado hapo nilivumilia. Kisha mtu mmoja akamuuliza kuhusu safari za India, kwa sababu ana mgonjwa pia, na kaka yangu akainua kile kidole.

"Mimi nimetembea Asia. Nitakusaidia. Hiyo kitu si ngumu, ukifika Mumbai umefika. Kutoka Mumbai mpaka Chennai ni masaa mbili tu."

Sikumbuki nikiinuka. Nakumbuka nikiwa na maikrofoni mkononi na yeye akinitazama.

"Masaa mbili kwa ndege," nikasema. "Kwa ndege! Sio kwa gari. Huyu mtu alitutuma kwa eropoti hakuna mtu anatungoja. Tulikaa hapo tukiangalia majina ya watu wengine. Siku mbili! Mdogo wake ameacha kuongea kwa sababu huyu hakuwa anataka kuulizwa. Na bado mnampigia makofi, na sahii anataka kutuma wagonjwa wenu pia."

Watu walitazama sahani. Yule mwenye mgonjwa alirudisha simu yake mfukoni. Nilisubiri kaka yangu avimbe shingo, nilikuwa tayari kabisa, nilikuwa nimesubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Hakuvimba. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, mzito, akaishika miwani yake ambayo siku hiyo alikuwa ameivaa.

"Ni kweli," akasema, bila maikrofoni. "Nilidhani ni gari. Mpaka sahii nilikuwa nadhani ni gari ilikosa kuja. Mnisamehe." Kisha akanitazama, na nitasema haki: hakuwa na ujanja machoni. Alikuwa anauliza. "Lakini si ni wewe ulinisomea? Mimi sikuwa na miwani. Ulisoma saa moja na dakika hamsini na tano. Kwani hapo haikuwa imeandikwa ni ndege?"

Nilisema simu yake ilikuwa chafu, siku hiyo nilikuwa na haraka, yeye alikuwa akinipigia kelele. Nilisema mengi. Sikumtazama dada yangu. Mke wa kaka alianza kukusanya sahani, na watu wakaanza kuuliza viatu vyao viko wapi ingawa hakuna aliyekuwa amevua.

Asubuhi yake nilimpikia dada uji, nikauweka mbele yake, nikakaa na kijiko. Hakufungua mdomo. Alinitazama sana, kisha akaanza kulitafuta neno, na nilijua ni lipi kabla hajalipata.

"Ndege," akasema. Akapumzika. "Uliona?"

Ningeweza kusema hapana. Hakukuwa na shahidi. Kaka hakuona, wateja walikuwa upande wa pili wa kaunta, na dada yangu angeniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyemlisha kwa mkono huu tangu tutoke India. Nilifikiria kusema hapana kwa muda mrefu kiasi kwamba nikaona hata nikisema, kuchelewa kwangu kumekwisha kumjibu.

"Niliiona."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aaibike," nikamwambia. "Nilitaka gari likose. Sikujua utaugua, siz. Wallahi sikujua. Nilitaka tu yeye aaibike."

Uji ulishika utando juu. Nilizungumza, nikalia, nikamwambia kwamba bado ni yeye aliyenunua tiketi, bado ni yeye aliyekataa kuulizwa, na aliyecheka na watu, na ambaye hakuwahi kumfunga kiatu hata kimoja. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, alivyokuwa akiwasikiliza watoto wake wakisema nani amempiga nani. Kisha akasema, neno moja moja, na mkono wa kushoto umeshika ukingo wa meza:

"Yeye... hakuona."

Nikamwuliza anataka nini. Akasema Rongai. Nikamwambia sawa, Jumapili nitampeleka amsalimie. Akatikisa kichwa. Nikamwambia ngazi za kule ni mbaya, na wifi yake hajui hata dawa zake zinanywewa saa ngapi. Akatikisa kichwa. Basi nikainuka nikafungasha nguo zake, polepole, nikizikunja vizuri kuliko nilivyowahi kuzikunja, nikingoja aseme wacha. Lilikuwa moja ya maneno yake rahisi, alilitumia kutwa.

Nilipofunga begi alininyooshea mkono. Nilidhani anataka nimwinue, nikampa wangu, akausukuma kando. Alitaka simu. Nikamtafutia namba ya kaka yetu, nikampa, na akaishika sikioni mwenyewe, akingoja, bila kunitazama.

"Njoo," akamwambia. Lilitoka zima, bila kukwama popote.